Stata ya Mashine ya Boti Haizungushi: Tafuta Kwanza Volti Zinapotelea Wapi

Mwenye boti akigeuza ufunguo na mashine isizunguke, neno la kwanza mdomoni ni "stata imekufa". Stata inafunguliwa, inapelekwa kwa fundi wa kusuka au inanunuliwa nyingine iliyotumika, inafungwa, na mashine inakaa kimya vilevile. Stata ni kituo cha mwisho kwenye njia ndefu. Umeme unatoka kwenye kichwa cha chanya cha betri, unapita waya mnene hadi solenoidi (swichi kubwa inayoamshwa kwa umeme mdogo), kutoka hapo unaingia stata, kisha unarudi kwa bodi ya mashine na waya mweusi hadi kichwa cha hasi. Pembeni kuna njia ndogo ya kuamsha solenoidi: fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya nyutro (inayozuia stata isipigwe gia ikiwa imeingia). Kwenye mashine iliyokaa baharini miaka mingi, maungio ya njia hizo huoza mapema sana kuliko amecha, ile sehemu inayozunguka ndani ya stata.

Ninayoandika hapa yanahusu mashine za zamani za mipigo miwili zenye stata ya umeme: Yamaha za HP 40 hadi 85 ambazo bado zinabeba watu na samaki pwani yetu na kwenye maziwa, na Johnson na Evinrude za miaka ya 1960 hadi 1980 ambazo wengine wamezirithi au kuzileta. Evinrude zimeacha kutengenezwa tangu 2020, kwa hiyo stata zake si kitu cha kununua kwa kubahatisha. Utahitaji multimita ya kawaida, taa ya kupimia yenye balbu ya breki ya gari ya wati 21, spana mbili za kila saizi, brashi ya waya na msasa laini. Multimita ya elfu chache inatosha kabisa kwa kazi hii. Kinachohitajika ni kujua wakati wa kuisoma.

Kabla ya kupiga stata

Fungua kofia ya mashine na uiache wazi dakika kadhaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia chini ya kofia na ndani ya boti, na kupima stata ni kazi ya cheche. Weka gia nyutro, chomoa kamba ya usalama ya kuzima mashine, na asikae mtu karibu na propela. Kisha toa plagi zote, zirudishe kwenye kofia za nyaya zake na ubane vyuma vyake kwenye bodi ya mashine, mbali na matundu ya silinda. Usiache nyaya za plagi zikining'inia: moto wa CDI (mfumo wa kielektroniki wa cheche za plagi) usipopata pa kwenda hutoboa koili, na utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Sasa zungusha flaiwili, gurudumu zito lililo juu ya mashine, kwa mkono, kwa mwelekeo wa saa ukiitazama kutoka juu. Usiizungushe kinyume, maana mapanga ya mpira ya pampu ya maji hujikunja vibaya. Plagi zikiwa nje, flaiwili inatakiwa kwenda bila kukwama popote. Ikigoma, hilo si tatizo la umeme hata kidogo. Huenda ringi zimeganda, au maji yameingia kwenye silinda, na utayaona yakitoka kwenye tundu la plagi. Kuna watu wamechoma stata nzima kwa kulazimisha mashine iliyojaa maji.

Stata isipigwe zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipumzishe dakika mbili kabla ya kurudia. Haina feni ya maana na inavuta zaidi ya ampea mia moja, kwa hiyo joto lote linabaki ndani yake.

Sikiliza kwanza

Kabla ya kipimo chochote, mwenzako ageuze ufunguo na wewe uweke kidole juu ya solenoidi. Kimya kabisa, bila mtikisiko wowote chini ya kidole, maana yake shida iko kwenye njia ndogo, au betri haina kitu, au fyuzi imekatika. "Tak" moja nzito halafu kimya: solenoidi imevuta, lakini umeme mkubwa haupiti au haufiki. "Tak-tak-tak-tak" za haraka: solenoidi inavuta, volti zinaanguka, inaachia, zinapanda, inavuta tena. Hiyo karibu siku zote ni betri iliyoshuka au kiungio kibovu kwenye waya mnene, na si stata. Ukisikia stata inalia kwa kasi lakini flaiwili imesimama, tatizo ni bendeksi, ile gia ndogo ya stata inayopanda kuuma meno ya flaiwili. Ikizunguka kwa uvivu kama imechoka, endelea kusoma, maana huo ndio ugonjwa unaodanganya zaidi.

Betri

Pima volti za betri ikiwa imepumzika saa kadhaa tangu ilipochajiwa. Betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi itaonyesha 13 na haina maana yoyote. Imejaa ikiwa na 12.6 hadi 12.7, iko nusu kwenye 12.2, na ikiwa 12.0 au chini ya hapo irudishe kwenye chaja kabla hujaendelea. Usifanye vipimo vinavyofuata ukiwa na betri iliyoshuka, maana kila namba itakayotoka itakupoteza.

Baada ya hapo weka ncha za multimita kwenye risasi zenyewe za betri (vile vichwa vya chanya na hasi), usiziweke juu ya vibano, kisha mwenzako apige stata. Ukiona volti zimeshuka hadi 10 na ushee, betri ni nzima. Zikianguka chini ya 9.6, ama betri ni mbovu ndani ama stata inakunywa umeme kupita kiasi. Kutofautisha ni rahisi: funga betri ya gari unayoiamini. Hiyo nayo ikianguka vilevile, stata ndiyo ya kulaumiwa. Ikisimama vizuri, betri yako imekwisha, hata kama ilikuwa inaonyesha 12.6 asubuhi. Seli moja iliyokufa haionekani mpaka betri ibebeshwe mzigo. Kwa betri za maji, haidrometa (kipimo cha uzito wa asidi) inaonyesha hilo upesi: seli tano zikisoma karibu 1.26 na moja ikawa 1.15, hakuna chaja itakayoiponya.

Siku hizi betri za sola zimeingia kwenye maboti kwa wingi kwa sababu tayari ziko nyumbani. Zimetengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Stata inataka ampea nyingi kwa sekunde chache. Betri kubwa ya sola itaweza, lakini ndogo itakuonyesha "tak-tak-tak" kila siku na utatafuta kosa mahali lisipo. Kwa mashine ya arobaini, N70 ya kawaida ya gari inatosha bila shida.

Kupima volti zinazopotea

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo wengi wanaporuka. Fundi anapima kwenye stata, anaona 12.5, anasema umeme unafika. Lakini amepima wakati hakuna umeme unaopita. Waya uliobaki uzi mmoja wa shaba utaonyesha 12.5 bila wasiwasi, kwa sababu multimita haivuti kitu. Siku stata inapoomba ampea 120, uzi huo unatoa tatu na kuanza kunuka.

Wala kupima omu hakusaidii kwenye waya mnene. Chukua kiungio chenye ukinzani wa omu 0.02. Multimita ya kawaida haiwezi kuisoma namba hiyo, itaonyesha sifuri na utaridhika. Lakini ampea 120 zikipita hapo zinapoteza volti 2.4. Betri ina 10.5 ikiwa chini ya mzigo, stata inapata 8.1, na mashine inazunguka kwa uvivu. Kwa hiyo njia sahihi ni kupima volti zinazopotea katika kila kipande wakati stata inavuta.

Weka multimita kwenye volti za DC, kiwango cha 20. Ncha nyekundu iguse risasi ya chanya ya betri. Ncha nyeusi iguse skrubu ya shaba pale waya unapoingia kwenye stata. Kabla ufunguo haujageuzwa utaona volti 12 kamili. Usishtuke, ni kwa sababu solenoidi bado iko wazi. Mwenzako apige stata, na namba inatakiwa kuanguka hadi 0.5 au chini. Ikibaki 2, basi volti 2 zinamezwa mahali fulani kati ya ncha zako mbili.

Sasa fuata njia kipande kwa kipande, kila mara stata ikipigwa sekunde tatu nne. Kwanza kutoka kwenye risasi hadi kwenye kibano chake: 0.1 ndiyo mwisho. Usidharau kipande hiki cha milimita mbili, maana utando mweusi kati ya risasi na kibano unaweza kula volti nzima. Kisha kutoka kwenye kibano hadi kichwa cha waya kwenye solenoidi: 0.2. Kisha skrubu kubwa hadi skrubu kubwa za solenoidi: 0.2, hata 0.3 kwa iliyozeeka. Mwisho, kutoka solenoidi hadi stata: 0.1 au pungufu, maana huo ni waya mfupi.

Upande wa hasi unapimwa vivyo hivyo na wengi hawaupimi kabisa. Ncha nyeusi kwenye risasi ya hasi, nyekundu kwenye bodi ya stata, penye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ukipata zaidi ya 0.3, fuata njia: risasi hadi kibano, kibano hadi bolti ya waya mweusi kwenye mashine, bolti hadi bodi ya mashine, bodi ya mashine hadi bodi ya stata. Kiungio kibovu kuliko vyote kwa kawaida ni bolti ile ya waya mweusi. Pale kuna shaba, chuma na aluminiamu vimegusana, maji ya chumvi yanapita, na kinachotokea ni unga mweupe chini ya kichwa cha waya. Kwa nje bolti inaonekana imekaza. Ifungue, kwangua hadi aluminiamu ing'ae, safisha kichwa cha waya pande zote mbili, kaza, na ndipo upake vaselini au grisi juu yake kuzuia maji.

Angalia pia matokeo mawili yanayochanganya watu. Volti zote 12 zikionekana kwenye kipande kimoja wakati ufunguo umegeuzwa, njia imekatika kabisa katika kipande hicho. Na ikiwa kila kipande kinasoma sifuri, stata ina 12 kamili kwenye skrubu yake, na bado iko kimya, basi hakuna umeme unaopita: njia imekatika ndani ya stata, na mara nyingi ni brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye amecha) zilizokwisha au zilizokwama. Ikiwa pande zote mbili ni safi, stata inapata 10 na zaidi, na bado inazunguka kwa kujivuta, hapo umepata ruhusa ya kuifungua.

Nyaya nene

Unene wa waya si jambo la kukisia. Tuseme betri imewekwa mbele ili boti isilalie nyuma, na kuna mita 4 hadi mashine. Kwenda na kurudi ni mita 8. Waya wa milimita za mraba 10 wenye urefu huo utapoteza karibu volti 1.7 kwa ampea 120, hata ukiwa mpya. Wa 25 unapoteza karibu 0.7. Wa 35 unapoteza karibu 0.5. Mwenye boti anayerefusha waya kwa kipande chembamba kilichokuwa stoo amenunua stata dhaifu bila kujua. Ukiweza, sogeza betri nyuma badala ya kununua shaba.

Waya wa kuchomelea ndio unaopatikana kirahisi madukani, nao unapitisha umeme vizuri na unakunjika. Ubaya wake ni kwamba nyuzi zake ni nyembamba sana, na chumvi ikiingia kwenye ncha inapanda ndani ya ganda na kula. Ukiutumia, bana kichwa cha waya kwa koleo la haidroliki, usikigonge kwa nyundo, kisha funika ncha kwa mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kichwa kilichofungwa kwa risasi ya kuchomea pekee, bila kubanwa, kinaweza kuyeyuka siku stata itakapokwama na waya kupata moto.

Waya wa zamani ukague hivi: chana ganda sentimita tano kutoka kwenye kichwa chake. Shaba ikiwa nyeusi, na ukiikunja inatoa unga wa kijani, waya umekwisha. Kukata kidogo na kuweka kichwa kipya hakusaidii, maana weusi huo mara nyingi umeshapanda mbali. Na zile nati zenye masikio kwenye betri zitoe, weka nati za spana na washa ya springi. Mawimbi yanazifungua zenye masikio kila wiki.

Njia ndogo: fyuzi, ufunguo, nyutro, solenoidi

Ikiwa solenoidi haikutikisika hata kidogo, chukua ile taa ya wati 21. Inavuta karibu ampea 1.75, kwa hiyo inaonyesha kama waya mdogo unabeba kazi kweli.

Kwenye Yamaha rangi za nyaya zinasaidia: nyekundu unatoka betri, wa kahawia ndio wa kupigia stata, njano ni umeme ukiwa umefungua ufunguo, mweupe ni wa kuzima, mweusi ni bodi. Anza na fyuzi, kwa kawaida ya ampea 20, iliyo kwenye waya mwekundu karibu na solenoidi. Itoe na uangalie miguu yake na kishikio chake, maana fyuzi nzima kwenye kishikio chenye kutu ya kijani haipitishi kitu. Kisha gusa taa kati ya waya wa kahawia kwenye solenoidi na bodi, ufunguo ugeuzwe. Taa ikiwaka sawasawa na solenoidi isivute, ama koili yake imekatika ama waya wake mweusi haufiki bodi. Taa isipowaka, rudi nyuma kuelekea kwenye ufunguo.

Kwenye Johnson na Evinrude za tangu miaka ya 1970, waya wa kupigia stata ni wa njano wenye mstari mwekundu. Nyuma ya swichi ya ufunguo utakuta herufi: B ni betri, S ni stata, A ni ya taa na vifaa, M mbili ni za kuzima. Unganisha B na S kwa kipande cha waya. Solenoidi ikivuta, swichi ndiyo mbovu. Usiguse M hizo kwa waya wenye umeme wa betri, maana zinakwenda moja kwa moja kwenye mfumo wa moto wa plagi, na volti 12 zikiingia huko zinaua kifaa cha bei kubwa.

Swichi ya nyutro huharibika kimyakimya. Kwenye Yamaha iko ndani ya boksi la kubadilishia gia au kwenye mkono wa mashine, ikikata waya wa kahawia. Kwenye baadhi ya Johnson na Evinrude za zamani iko upande wa bodi: solenoidi ina skrubu mbili ndogo, moja inapata umeme wa ufunguo, na nyingine inafika bodi kwa kupitia swichi hiyo. Hapo unaweza kukuta volti 12 kwenye skrubu zote mbili ndogo, ukadhani koili ni mzima na kitu kingine ndicho kibovu. Volti 12 upande wa pili maana yake umeme umeingia, umepita kwenye koili na haujapata pa kutokea. Unganisha skrubu hiyo na bodi kwa waya. Ikivuta, rekebisha swichi au kebo ya gia iliyolegea. Usiache waya huo wa mkato moja kwa moja, kwa sababu siku mashine itakapowaka ikiwa na gia, kuna mtu majini.

Hapa pia ndipo penye mtego wa solenoidi ya gari. Kuna ya gari ya Kimarekani inayofanana kabisa, nayo ina skrubu mbili kubwa na mbili ndogo, na ni rahisi kupatikana. Lakini ya gari inapata bodi kupitia kitako chake, na ile skrubu ndogo ya pili inatoa volti 12 kwa koili ya moto solenoidi inapovuta. Ukiifunga kwenye mashine ambayo skrubu hiyo inakwenda bodi, unatengeneza shoti kila unapopiga stata, na waya mdogo unaungua. Zaidi ya hapo, ya gari haijazibwa kuzuia cheche zake zisikutane na mvuke wa petroli. Kabla ya kufunga solenoidi yoyote, pima omu: kati ya skrubu mbili ndogo unatakiwa kupata omu chache, na kutoka kila moja hadi kitako, hakuna njia.

Ukifungua nati za solenoidi au za stata, shika nati ya chini kwa spana moja na ulegeze ya juu kwa nyingine. Skrubu ikizunguka pamoja na nati, inakata waya wa ndani au inavunja plastiki inayoizuia isiguse bodi. Solenoidi nyingi nzima zimeuawa siku ya kusafishwa.

Kufungua stata

Piga alama kwa msumari kwenye kofia ya juu, bodi na kofia ya chini, ili zirudi pale pale. Ondoa bolti mbili ndefu na uvute taratibu. Utakutana kwanza na unga mweusi wa brashi. Ukiwa mkavu, sawa. Ukiwa tope lenye chumvi, hilo peke yake linaweza kuwa ugonjwa, kwa kuwa tope hilo linapitisha umeme kutoka kwenye brashi ya chanya hadi bodi.

Brashi zinatakiwa kuteleza kwenye nyumba zake bila kukwama na springi zizisukume kwa nguvu. Zikibaki nusu ya urefu wa mpya, badilisha zote kwa pamoja. Fupi zinagusa kwa wasiwasi: leo inapiga, kesho haipigi, na ukiigonga stata kwa mpini wa nyundo inaamka. Kugonga huko kunatumika kama kipimo, ila gonga kidogo. Stata nyingi zina sumaku za kudumu zilizogundishwa ndani ya bodi, na pigo zito linazipasua.

Komyuteta, vile vipande vya shaba vya amecha vinavyoguswa na brashi, isuguliwe kwa msasa laini wa namba 400 au 600, ukizungusha amecha. Usitumie msasa wa chuma mweusi, chembe zake zinabaki kati ya vipande vya shaba na kuleta shoti. Mika (kizio) iliyo kati ya vipande inatakiwa kuwa chini ya shaba kwa milimita 0.5 hadi 0.8. Ikiwa imelingana na shaba, brashi zinarukaruka. Kipande cha msumeno wa chuma kilichosagwa kikawa chembamba kinafanya kazi hiyo ya kuchimba vizuri kuliko kisu. Kisha pima: kipande kwa kipande lazima kuwe na njia, na kutoka kipande chochote hadi shafti lazima kusiwe na njia. Ikiwepo, amecha ni ya kusukwa.

Kitu ambacho hakionekani kwa multimita ni bushi. Bushi ya shaba ikilika, amecha inalala upande mmoja na kusugua bodi. Tafuta mikwaruzo inayong'aa kwenye chuma cha amecha. Stata ya namna hii inavuta ampea nyingi, inapata moto haraka, na inazunguka polepole hata ikiwa na betri mpya, waya mpya na brashi mpya. Bushi yenyewe ni kitu cha bei ndogo na fundi wa kukereza anaitengeneza.

Wakati wa kurudisha, brashi zitagoma kuachia nafasi ya komyuteta. Zisukume nyuma na uzizuie kwa kipande cha bati chenye mkato, kisha ukivute kofia ikishakaa. Paka rangi au silikoni kidogo kwenye maungio ya kofia na vichwa vya bolti ndefu, maji yasipate mlango.

Bendeksi

Bendeksi hupanda yenyewe: amecha inapoanza kuzunguka kwa nguvu, gia ndogo inabaki nyuma kwa uzito wake, inapanda kwenye nyuzi za shafti na kuuma meno ya flaiwili. Ikiwa nyuzi hizo zina grisi nzito iliyochanganyika na mchanga, gia inazunguka pamoja na shafti na haipandi. Kwa hiyo grisi, ambayo kila mtu anaipaka kwa nia njema, ndiyo inayoiua. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, weka tone la oili nyepesi, basi. Ikipanda nusu na kurudi, usianze kuilaumu, angalia volti kwanza, maana betri dhaifu haiizungushi kwa kasi ya kuitupa juu.

Kuna jambo moja la ajabu hapa. Stata ya sumaku za kudumu ikifungiwa betri kinyume inazunguka upande wa pili, na bendeksi haitapanda hata siku moja. Ukisikia stata inalia vizuri tangu betri ilipobadilishwa na flaiwili imesimama, tazama rangi za nyaya kwenye betri kabla ya kugusa bendeksi. Ikiwa ni kweli zimepishana, rectifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa koili uweze kuchaji betri) karibu hakika imeungua, na betri haitachaji tena mpaka ibadilishwe.

Ikikataa kuacha, na ikikosa chaji

Wakati mwingine unaachia ufunguo na stata inaendelea. Sahani ya shaba ndani ya solenoidi imegandana na viguso vyake, mara nyingi baada ya kupigwa kwa betri dhaifu mara nyingi mfululizo. Kama mashine haijawaka, chomoa waya wa hasi wa betri haraka, na solenoidi hiyo usiirudishe tena. Kama mashine imewaka, izime kwanza. Usikate betri mashine ikiwa inanguruma, kwani kwenye mashine hizi volti zinaruka juu na kuua rectifaya.

Chaji nayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya stata. Koili ya chini ya flaiwili kwenye mashine hizi inatoa ampea chache tu mashine ikiwa mbio, na karibu hakuna kitu ikitembea polepole kwenye nyavu. Mwenye taa, pampu ya maji na redio atamaliza betri huku akidhani stata inachoka. Kwa upande mwingine, nyingi za zamani hazina kidhibiti cha volti, na ukienda mwendo mrefu volti zinapanda kupita 15. Betri ya kufungwa inapikwa. Tumia yenye vifuniko, angalia maji yake kila wiki mbili, jaza kwa maji ya betri yaliyosafishwa pekee, si asidi. Pima volti mashine ikiwa kwenye mbio za kati: zikibaki pale pale zilipokuwa imezimwa, fuata nyaya za koili na rectifaya kabla hujaichaji betri nyumbani kwa mara nyingine.